Habari ambayo haikutembea

Mjomba wangu aliuza magazeti pale Ubungo miaka mingi sana. Meza ya mbao, mwavuli uliopauka, na mawe madogo juu ya karatasi ili zisipeperuke basi likipita. Likizo zote nilikuwa namsaidia kupanga, na kupanga magazeti usidhani ni kuchukua lolote ukaweka popote, mjomba alikuwa anakagua kurasa za mbele zote kwanza, taratibu, kama mama anayechagua nyanya sokoni, halafu ndo anaamua lipi likae katikati lipi lisogee pembeni. Maana wengi waliokuja pale hawakuja kununua. Walikuwa wanasimama mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari kuanzia kona hii mpaka kona ile, wanabishana kidogo, konda akiita wanakimbilia daladala. Ukurasa wa mbele wa gazeti la kwetu unatengenezwa kwa ajili ya huyo aliyesimama, ndo maana una nyekundu na njano kila mahali na vichwa vimebanana mpaka picha haina pa kupumua, inabidi umkamate kabla konda hajaita.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumatatu tarehe 7 Mei 2012. Jana yake Simba walikuwa wamewafunga Yanga tano bila. Mjomba alikuwa Yanga wa kufa na kuzikana, usiku ule hakula, lakini asubuhi nikamkuta anapanga magazeti yote yenye sherehe ya Simba katikati ya meza, yamejipanga kama sare. Nikamwambia mjomba si tuweke hata moja la siasa hapo mbele tupumzike. Akanijibu (kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo), "Mjomba, leo Yanga hawanunui kitu, hata la siasa hawanunui, wamejifungia ndani. Leo tunauza furaha ya wenzao." Na kweli, watu walikuwa wananunua mawili mawili, la kusoma na la kuweka kabatini. Kufika saa nne hatukuwa na la michezo hata moja. Halafu akanionyesha gazeti moja ambalo mi siku zote nilijua ni la Simba, nilikuwa nalichukia hilo gazeti, akaniambia hawa, siku Yanga wakishinda, wataandika njano tupu mbele na nyuma, usiwagombeze, wanamwangalia mnunuzi.

Nilikuwa mdogo nikaona ni maneno ya biashara tu. Leo nimefanya kazi kwenye habari miaka kadhaa na kila nikisikia watu wanalalamika kwamba vyombo vya habari vina upendeleo, vinaegemea upande, vinakuza vitu vya kijinga na kuacha vya maana, naiona ile meza. Nakubaliana nao kwenye malalamiko, upendeleo upo na nimeuona kwa macho yangu. Ila kuna mtu mmoja kwenye hiyo hadithi huwa hatajwi kabisa, na huyo mtu ni sisi tunaosoma.

Mwaka 2017 nikapata kazi deski ya dijitali kwenye chombo kimoja hapa Dar, sitakitaja. Pale ukutani kulikuwa na skrini kubwa inaonyesha kila habari na watu wangapi wako ndani yake dakika hiyo hiyo. Namba zinapanda zinashuka mbele ya macho yako. Habari inayopanda inakuwa ya kijani, inayoshuka nyekundu. Hakuna bosi aliyetuambia andikeni udaku. Hakuna! Hilo nataka lieleweke, maana watu wanafikiri kuna kikao cha siri asubuhi mtu anasema leo tuwapotoshe Watanzania. Hakikuwepo. Ilikuwepo ile skrini tu, na kila mtu alikuwa anaiangalia kuanzia mhariri mpaka mwanafunzi wa field, na ukiandika kitu chako umekihangaikia siku mbili ukakiona kimekaa pale chini chekundu na watu wanne, huhitaji kuambiwa kitu. Kesho utaandika kingine. Tulikuwa na neno letu la hiyo hali, tunasema habari "haitembei". Na habari ikishasemwa haitembei, imezikwa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike hii makala. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria, kikiwa kinatoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, mita chache tu kabla hakijafika gati la Bwisya. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Zilitangazwa siku nne za maombolezo, na mi nilikuwa zamu usiku ule, na upande wa mama ni watu wa Ukerewe, mama yangu mkubwa ameolewa hukohuko Ukara, kwa hiyo mkono mmoja nikawa naandika mkono mwingine napiga simu haipatikani. Alipatikana asubuhi. Alikuwa mzima, ila jirani yake waliyekuwa wanachota naye maji kila siku hakurudi.

Siku tatu zile za kwanza ile skrini ilikuwa kijani tupu. Kila tulichoweka kilipanda. Idadi ya miili ikibadilika, tunabadilisha kichwa, watu wanarudi. Jumamosi, siku mbili baada ya kivuko kupinduka, wapiga mbizi wakamtoa fundi mmoja wa kivuko akiwa hai, alikuwa amejibana ndani kule karibu na injini, na hiyo habari ilitembea kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kabla, watu wanalia kwenye komenti, wanashea mpaka usiku wa manane. Kulikuwa na upendo wa kweli pale, siwezi kuudharau. Nchi nzima ilikuwa Ukara.

Halafu ikapita kama wiki, labda siku kumi, nikamwomba mhariri nifuatilie. Maana maswali ndo kwanza yalikuwa yanaanza. Watu zaidi ya mara mbili ya kiwango walipandaje? Vivuko vingine vya ziwa hilo vikoje? Nani anahesabu abiria na anawahesabia kwenye nini? Sisi tulizika MV Bukoba mwaka 1996, watu wanaokadiriwa karibu 900, tukazika Spice Islander kule Zanzibar 2011, tukazika MV Skagit mwaka uliofuata, na kila mara kilio ni kilekile na kila mara kujaa kupita kiasi kunatajwa. Mhariri, mtu mzuri kabisa, akaniambia andika. Nikaandika, siku nne, simu kwa watu wa Nansio, watu wa Bugolora, wazee wanaolijua lile ziwa. Tukaiweka saa moja asubuhi, muda ambao watu wako kwenye daladala na simu mkononi.

Haikutembea. Mpaka jioni waliokuwa wameisoma yote mpaka mwisho wasingejaza daladala mbili. Siku hiyohiyo posti ya msanii mmoja na mpenzi wake, aya tatu na picha, ilikuwa juu kabisa tangu asubuhi. Mhariri hakunisema chochote. Akanipiga bega tu. Na siku chache baadaye, tarehe 11 Oktoba, Mo Dewji, yule bilionea, akatekwa pale hotelini Oysterbay alikoenda kufanya mazoezi, na hapo ndo ilikuwa basi. Siku tisa nzima hatukuandika kingine. Alipopatikana tarehe 20 nchi ikashusha pumzi na mi nilifurahi kama kila mtu, yule ni binadamu ana mke na watoto. Ila wakati ule Azory Gwanda, mwandishi mwenzetu wa Kibiti, alikuwa hajulikani alipo tangu tarehe 21 Novemba 2017, karibu miezi kumi na moja, na kwenye zile siku tisa za kuhesabu masaa ya Mo hakuna aliyeniambia niandike mstari mmoja kuhusu Azory, na mimi pia sikupendekeza. Woga ulikuwepo, siwezi kusema haukuwepo. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilishaangalia ile skrini kichwani mwangu na nikajua itakuwa nyekundu.

Najua mtakachosema. Mtasema unatulaumu sisi wasomaji wakati kuna serikali, kuna wamiliki, kuna matangazo. Ni kweli na sitaki kulipita hilo haraka. Januari 2016 ndo tuliambiwa TBC haitarusha tena Bunge laivu kama zamani, sababu gharama, na hakuna msomaji aliyeomba hivyo, watu walilalamika sana. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Huduma za Habari, iliyoipa serikali nguvu zaidi juu ya vyombo vya habari. 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mtu mwenye blogu yake chumbani akatakiwa leseni na kulipia pesa ambayo wengi hawakuwa nayo, wengine wakafunga. Magazeti yalifungiwa. Mtangazaji mkubwa akinuna ukurasa unajua. Mhariri wa nchi hii anapoamka asubuhi ana watu wengi wa kuwafikiria kabla hajamfikiria msomaji. Mi sisemi hawa wana nguvu kidogo. Nasema tu kwamba habari ya vivuko haikufa kwa sababu ya hawa. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyetutisha. Ilikaa pale wazi kabisa, bure, na watu wakaipita.

Na hili si letu peke yetu. Kuna wachumi wawili wa Marekani, Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro, mwaka 2010 walitoa utafiti ambao nilipousoma nikamkumbuka mjomba moja kwa moja. Walichukua hotuba za wabunge wa kule za mwaka 2005 wakatafuta maneno ambayo chama kimoja kinapenda na kingine hakipendi, mfano kodi ya urithi, chama cha Republican wanaiita kodi ya kifo. Halafu wakaangalia magazeti zaidi ya 400, lipi linaongea kama chama gani. Wakakuta kwamba gazeti linafuata msimamo wa watu wa eneo linakouzwa, na mmiliki ukimweka kwenye hesabu karibu haonekani, yaani tajiri mmoja mwenye magazeti mawili kwenye miji miwili tofauti, yale magazeti hayafanani, kila moja linafanana na watu wake. Wanamwangalia mnunuzi!

Hapo bado ni maneno tu, gazeti kuchagua maneno ambayo msomaji wake anayapenda, si jambo la kutisha. Linalotisha ni Fox News, stesheni ya Marekani inayopendwa na watu wa Republican. Usiku wa uchaguzi wa rais wa 2020 wao ndo walikuwa wa kwanza kutangaza kwamba Biden kamshinda Trump jimbo la Arizona, na walikuwa sahihi. Watazamaji wao, wengi watu wa Trump, wakakasirika vibaya sana, wakaanza kuhamia stesheni ndogo inayoitwa Newsmax. Mhariri wa siasa aliyesimama hewani kutetea ule uamuzi, Chris Stirewalt, Januari iliyofuata akawa hana kazi pale. Na stesheni ikaanza kuwapa nafasi watu wanaosema mashine za kura za kampuni ya Dominion zimeiba uchaguzi. Dominion wakashtaki, meseji za ndani zikatoka, na humo unaona watangazaji na mabosi wenyewe hawaamini wanachokirusha, ila wanaogopa watazamaji wataondoka. Aprili 2023 wakalipa dola milioni 787.5 kumaliza kesi. Mimi nilizisoma zile meseji usiku mmoja mpaka macho yakauma kwa sababu niliijua ile hofu, ni ileile ya skrini yetu, tofauti ni ukubwa tu. Watu walikuwa na ukweli mkononi, wakauweka chini kwa sababu mteja hakuutaka.

Sasa mtu akisema basi msomaji hana nguvu, ni wa kupelekwa tu, namkumbusha majirani zetu Kenya. Julai 2015 Obama anakaribia kwenda Nairobi, CNN wakaiita nchi kitovu cha ugaidi. Wakenya waliamka. Ile hashitegi ya SomeoneTellCNN waliyoianzisha tangu 2012 ikarudi kwa nguvu, siku nzima, mpaka Agosti bosi mmoja mkubwa wa CNN, Tony Maddox, akapanda ndege akaenda Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta. Hiyo watu huipenda kuisimulia. Mimi ninayoipenda zaidi ni ya miezi michache nyuma yake. Tarehe 2 Aprili mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wakauawa karibu watu 150, wengi wanafunzi, na vyombo vya dunia vikawa na namba tu, 147, 147. Wakenya wenyewe wakaanza kuweka majina na picha mtandaoni, mmoja mmoja, huyu alikuwa anasomea ualimu, huyu wa kwanza kufika chuo kwenye ukoo wao, wakisema 147 si namba tu. Hawakusubiri mhariri. Na ndipo vyombo vikafuata, vikaanza kuandika sura na maisha ya wale watoto. Hiyo nguvu tunayo. Mi naumia kwa sababu tunayo na huwa tunaitoa siku tatu.

Kitu kingine lazima nikiseme kuhusu simu, maana imeharibu hata ile hesabu ya mjomba. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliwafunga Simba tano moja. Kwa sheria ya ile meza ya Ubungo, siku kama hiyo mashabiki wa aliyefungwa wanajifungia ndani, hawasomi. Deskini kwetu ikawa kinyume, kila tulichoweka kuhusu huzuni ya Simba kilipanda kuliko vya ushindi wa Yanga, maana waliokuja walikuja kucheka, na Simba nao wakaja kujibu matusi, na kila tusi ni komenti na kila komenti inaipandisha posti. Skrini haijui umekuja kusoma au umekuja kutukana. Zote inahesabu sawa. Yule unayemchukia, ukiingia kila siku kumwambia unamchukia, wewe ndo unamlipia pango. Nimekaa upande wa pili wa hiyo skrini, nakwambia nilichokiona. Tulikuwa na mchambuzi mmoja watu wanamtukana kila anapofungua mdomo, wanaandika mtoeni huyu, na kwa sababu hiyohiyo akawa anawekwa kila siku.

Niliacha ile kazi mwanzoni mwa 2024. Mjomba alishafunga meza zamani, anauza vocha na maji ya kunywa, magazeti aliacha kidogo kidogo, kutoka hamsini mpaka matano mpaka hakuna. Mimi kitu nilichobadilisha kwangu ni kidogo. Habari ya msiba naiwekea tarehe kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja mbele, ikifika siku hiyo naingia kutafuta nani ameandika tena. Nikimkuta namsoma mpaka mwisho, naitupia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na namwandikia mwandishi. Mara nyingi simkuti mtu. Wakati mwingine namkuta mmoja, kijana wa redio ya jamii huko mkoani, na akijibiwa anashangaa.

Nilijifunza hiyo kwa mama mkubwa. Ile siku habari yangu ya vivuko ilipokufa, usiku nilimpigia simu Ukara, nilitaka tu kusikia sauti ya mtu wa kule. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona mliondoka? Mlikuja na makamera hapa mkajaa, sasa hata mmoja hatumuoni, kwani yameisha?" Nikamwambia mama nimeandika leo, iko mtandaoni. Akauliza watu wamesemaje. Nikashindwa kumdanganya, nikamwambia hawakuisoma wengi. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Basi nisomee mimi."

Nikamsomea. Umeme ulikuwa umekatika kwetu, nasoma kwenye simu yenye asilimia ndogo ya chaji, huku nimeweka spika maana nasoma na kuongea kwenye simu hiyohiyo moja. Alikuwa anaitikia kila aya, ee, ee, kama mtu anayesikiliza barua. Nikafika pale nilipoandika kwamba abiria walikuwa wengi kwa sababu siku ile ilikuwa ya gulio na watu walikuwa wanaenda kuuza na kununua. Akanikatisha. "Hapana mwanangu. Gulio liko Bugolora ng'ambo, walishauza. Walikuwa wanarudi nyumbani. Kule gatini watoto walikuwa wamesimama wanawasubiri, wanawaona."

Mimi, mhariri, na msahihishaji wetu, wote tulikuwa tumeipitia ile sentensi. Na wale wachache walioisoma hakuna aliyeandika kwamba si kweli. Nikamwomba asubiri, nikaingia kwenye mfumo wa ofisi kwa ile simu, nikafuta "walikuwa wanaenda", nikaandika walikuwa wanarudi kutoka gulioni. Saa tano na dakika kumi usiku. Nikamsomea tena hiyo aya ilivyo sasa. Akasema ee, hapo sawa, endelea.